Nafasi Moja kwa Kila Nyumba

Nyumbani,
Jumamosi asubuhi.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Wewe ndiye mtu wa mwisho aliyebaki duniani ninayemwamkia kwa neno hilo. Wengine wote sasa hunitangulia wao. Lakini nakuomba usiliitikie bado. Liache hapo juu mpaka utakapofika mwisho wa barua.

Mgongo unaendeleaje? Ule mkanda aliokupa daktari unaufunga kiunoni, au umeshaugeuza kamba ya kufungia mlango kama ulivyofanya ule wa kwanza? Wifi yangu naye macho yanasemaje? Mwambie dawa iliyoandikwa asubuhi na jioni haitiwi siku anayoikumbuka. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo hupanda ngazi kwa malalamiko na kushuka kwa matusi. Bado najipikia, bado nafua mwenyewe, na majirani bado wananiita Bi Nukta wanapodhani sisikii.

Barua hii isome mwenyewe, kaka. Usimpe mkaza mwanao akusomee, wala mjukuu. Najua itakuchukua muda. Nimeandika kwa herufi kubwa na nimeacha nafasi pana kati ya mistari. Najua pia kwamba mimi na wewe hatuandikiani tena. Mwaka ule nilipokurudishia barua yako imejaa wino mwekundu, ulicheka, ukasema angalau safari hii umefanyiwa mtihani, na tangu hapo ukawa mtu wa simu. Nilidhani ulikuwa unatania. Mambo mengi yako nimedhani ni utani kwa sababu ilinifaa kudhani hivyo.

Wiki tatu zilizopita ulinipigia simu ukaniuliza jambo, nami nikasema nitalifikiria. Ulisema mjukuu wako wa kike amekuwa wa thelathini na nane kati ya wanafunzi arobaini na mmoja, na kwamba muhula ukiisha utamtoa shule aende kujifunza ushonaji kwa yule fundi cherehani jirani yako, kwa kuwa amerithi kichwa chako cha tofali na hakuna haja ya kumtesa mtoto. Ukacheka. Ukasema mimi ndiye msomi wa familia, niseme neno moja tu nawe utalifuata. Nilisingizia kwamba sufuria inaungua jikoni. Hapakuwa na sufuria jikoni. Jibu lako limo humu, ila inanibidi nianzie mbali kidogo ndipo nilifikie.

Nilikwambia kwamba nimepata kazi ya muda, mimi na uzee huu. Hapa mjini liko shirika la hisani linalowasaidia watoto wa shule wenye shida. Huwapa sare, viatu, madaftari na chakula cha mchana. Mratibu wake ni mwanafunzi wangu wa zamani, mmoja wa wale ambao darasani hawakuwa wakimaliza sentensi. Sasa anaongoza ofisi nzima na sentensi bado hazimalizi. Alikuja kwangu na karatasi nane mkononi, akanieleza kwamba wafadhili wanataka kujua kama msaada wao unafaa kitu, kwa hiyo ofisi imetunga dodoso, yaani maswali ya kuwauliza watoto na wazazi wao, na angependa nilipitie ili lugha iwe safi. Alisema ni kazi ya siku mbili. Huu ni mwezi wa pili.

Swali la kwanza lilikuwa hili: Mpango wetu umekusaidia sana kiasi gani? Nilimwambia mratibu kwamba hilo si swali, ni ombi la kusifiwa; linaingia nyumbani kwa watu na jibu lake likiwa mfukoni. Swali la tano liliuliza kwa mpigo mmoja kama viatu ni vizuri, chakula kinatosha na walimu ni wapole, na mtoto alitakiwa ajibu ndiyo au hapana. Nikamwuliza mtoto aliyeshiba, lakini viatu vinambana, atajibu nini. Akajikuna kisogo kama enzi zile za ubaoni. Basi nikafuta, nikaandika upya, nikapanga yaliyo mepesi mbele na yaliyo mazito nyuma, maana mgeni haanzi kwa kuuliza kilichomo chunguni.

Yuko pia mtakwimu, binti mdogo mwenye akili kali, ambaye kazi yake ni kuhesabu majibu. Siku ya kwanza aliwauliza wenzake, akidhani masikio yangu yameziba, kama ni huyu bibi ndiye atakayewafundisha utafiti. Nilimjibu kwamba bibi huyu amesoma majibu ya watoto kwa miaka thelathini na minne na anajua jibu la uongo linavyonuka hata kama limeandikwa vizuri. Tangu siku hiyo tumepatana. Yeye ananiita Bibi, nami namwita Desimali, kwa sababu hapokei nambari isiyo na mkia.

Tulifanya jaribio la kwanza katika shule moja. Watoto arobaini wanaopata msaada waliketishwa ukumbini, wamevaa viatu tulivyowapa, mbele ya mwalimu anayevigawa, wakajaza karatasi zenye nembo yetu. Kila swali lilikuwa na nyuso tatu zilizochorwa: inayocheka, iliyonuna na iliyo katikati. Wote arobaini walitia alama kwenye uso unaocheka, hata katika swali nililolitega kwa makusudi, lililouliza wanajisikiaje siku wanapougua. Mratibu alitaka kuyatuma matokeo mchana uleule. Nikamwambia kwamba darasa zima likipata mia kwa mia, ama mtihani umevuja, ama msimamizi alisinzia. Desimali alicheka mpaka akatoka nje. Ikaamuliwa kwamba watoto wahojiwe majumbani, mmojammoja, na watu wasiovaa fulana za shirika. Nami, ili nijue kama maswali yangu yanatamkika mbele ya mtu hai, nikaomba nyumba sita. Mratibu alilitazama goti langu. Nilikwenda.

Hapa lazima nikueleze kanuni moja ya shirika. Kila nyumba ina nafasi moja. Wahitaji ni wengi kuliko viatu, na mratibu anaona ni haki zaidi kuzigusa nyumba mia nne kwa mtoto mmojammoja kuliko kuzijaza nyumba mia moja na kuzipita nyingine. Ni hoja nzuri, na sikuwa na ya kuipinga. Nikatunga swali la kumi na nne kama jambo la kawaida: Je, yuko ndugu yako wa umri wa kwenda shule ambaye haendi? Kama yuko, ni kwa sababu gani? Nililiandika, nikaenda kunywa chai. Moyo wa binadamu ni kabati lenye droo nyingi, kaka, na nyingine hazifunguliwi mpaka mtu mwingine azivute.

Nyumba ya nne ilikuwa chumba kimoja nyuma ya karakana ya seremala. Vumbi la mbao lilikuwa limetua kila mahali, hata juu ya maji ya ndoo. Mama yao alikuwa kazini. Mwenye nafasi ni binti wa miaka kumi hivi. Alinipa kiti kilichokuwapo, naye akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, magoti yamebanwa pamoja, kama mtu aliyewahi kuhojiwa. Alijibu vizuri. Alikiri kwamba viatu vinambana, kisha akaniomba nisiandike. Mlangoni, kwenye mwanga, alikuwa ameketi dada yake wa miaka kumi na mitatu, anayajalidi madaftari ya mdogo wake. Aliyajalidi kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Aliukung'uta mfuko, akaupasua kwa wembe, akachukua karatasi ya ndani iliyo safi, akaikunja pembeni na kuipiga pasi kwa ukucha wa kidole gumba, vilevile kabisa kama ulivyokuwa ukinifanyia wewe kila ulipotoka kazini na nywele nyeupe kwa saruji. Na kila daftari, kabla hajalifunga, alisoma ukurasa mmoja, midomo ikicheza.

Nilipofika swali la kumi na nne, mtoto alitupa jicho mlangoni, akashusha sauti, akasema: "Dada hapendi shule. Anapenda kazi."

Pale nje karatasi iliacha kukwaruza. Nilijikaza nikamwuliza ni nani aliyemwambia hivyo, akajibu kwamba hakuna, yeye anajua tu. Sikuandika kitu. Nilikunja karatasi zangu nikaaga. Dada mtu aliniamkia, akanishika kiwiko nivuke kizingiti, kisha akaniuliza kwa adabu kama katika karatasi zile lipo swali lolote la kumwuliza yeye. Kaka, nilizipekua kurasa zote nane mbele yake, mojamoja, kana kwamba si mimi niliyezitunga. Halikuwapo. Nikamwambia halipo. Akasema haidhuru, akarudi kwenye wembe wake.

Nilirudi ofisini nikasema dodoso haliwezi kupita lilivyo. Ndugu aliyebaki nyumbani aulizwe yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, asisemewe. Mratibu alifunga mlango, tukabaki yeye, mimi na Desimali. Akaniambia, na safari hii alizimaliza sentensi zake, kwamba nikiuliza swali hilo nitapata jibu. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya swali. Akasema wafadhili wakisoma kwamba tunapomwinua mtoto mmoja tunamkalisha mwingine, hawataongeza nafasi. Watakunja virago, na hata yule mmoja atarudi pekupeku. Akaniuliza kama niko tayari kuwavua viatu watoto mia nne kwa ajili ya swali moja. Mtu yule si mjinga wala si mwovu, na huenda haki iko kwake. Kisha akauliza kwa upole, kama mwanafunzi anayeogopa kumuudhi mwalimu, jambo hili hasa linanihusu nini. Desimali naye akaacha kuandika akanitazama. Nilisema linanihusu kwa sababu ya usahihi wa takwimu.

Huo haukuwa uongo wangu wa kwanza. Wa kwanza ndio huu, na naomba ukae chini kama umesimama.

Unakumbuka orodha ya watoto watakaolipiwa ada na watu wa misaada ilipobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya shule. Baba alikuwa na miezi minne kaburini, mama alikuwa akifua mashuka ya hospitali, wewe una miaka kumi na mitatu, mimi kumi. Kutoka nyumba yetu lilikuwamo jina moja, nalo lilikuwa langu. Wewe ulisema wamepima vichwa. Ulisema muhula uliotangulia ulianguka hesabu, na watu wale bila shaka wameziona alama. Mama alilia. Wewe ukamtania kwamba kichwa cha tofali kina kazi yake, na Jumatatu ukaenda kubeba matofali kwa fundi. Kwa miaka hamsini na minane umeurudia mzaha huo, kwenye harusi yangu, kwenye msiba wa mama, na juzi katika simu. Umejenga madarasa kumi na moja, na kila ulipokabidhi funguo ulisema kwamba hiyo ndiyo njia pekee ya kichwa chako kuingia darasani. Watu hucheka. Mimi pia hucheka.

Hawakupima vichwa, kaka. Hawakuwa na alama za mtu yeyote. Kabla ya orodha ile alikuja mama mmoja nyumbani, mwenye daftari kubwa la jalada jeusi. Mama yetu alikuwa kazini, na wewe ulikuwa bombani kwenye foleni ya maji. Asiyekuwepo na lake halipo. Aliketi kwenye kigoda cha mama, akanieleza kwamba nafasi ni moja, na kwamba kwa kawaida humpa mkubwa, kwa kuwa amekaribia kumaliza. Kisha akaniuliza kama kaka yangu anapenda shule. Nilikuwa nimeelewa vizuri. Nikasema: "Kaka hapendi shule. Anapenda kazi."

Akaandika. Mimi nilijua kusoma maandishi yaliyopinduliwa, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, umekaa upande wa pili wa meza na kitabu kikiwa kimekuelekea wewe. Nikasoma: Mkubwa hapendi shule. Herufi safi, nukta mahali pake, sentensi isiyo na kosa hata moja. Nimeyapitisha maisha yangu nikisahihisha makosa ya watu, na hiyo ndiyo niliyoiacha ipite. Ulirudi na ndoo mbili, ukaona kigoda kimehamishwa, ukauliza kama kulikuwa na mgeni. Nikasema alipita mtu akauliza njia.

Muhula ule ulianguka hesabu kwa sababu ulikuwa hospitali ukimgeuza baba kitandani. Mimi nilijua. Aliyenifundisha kugawanya kwa njia ndefu, kwa mkaa, sakafuni, ni wewe. Mtu anayeutazama msingi mtupu na kutaja idadi ya matofali bila karatasi, na yasibaki ila manne, hana kichwa cha tofali. Nilijua hilo kila mara ulipotania, nikanyamaza, kwa sababu mzaha wako ulikuwa paa la nyumba yangu. Nilikuwa mtoto, ni kweli, na udhuru huo nimeuvaa mpaka umetoboka. Nilipokuwa na miaka ishirini sikuwa mtoto, wala nilipokuwa na arobaini, wala juzi nilipokutajia sufuria. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Nimeona heri niumbuke mwenyewe wewe ukiwa hai wa kuniona.

Sasa jibu lako. Usimtoe mjukuu shule. Hakurithi kichwa cha tofali, kwa kuwa hakikuwapo cha kurithi. Kama amekuwa wa thelathini na nane, iko sababu, na sababu hiyo usiiulize kwangu, wala kwa mwalimu wake peke yake, wala usijijibu mwenyewe. Mkalishe umwulize yeye. Huenda haoni ubao. Huenda kuna anayemwonea. Huenda ni kweli anaipenda cherehani, na kama ni hivyo aseme kwa kinywa chake, ashone, na hapo sitakuwa na neno. Likizo ikifika ningependa kuja kukaa naye na vitabu vyake, kama bado utanifungulia mlango. Usiponifungulia, nitaelewa, na sitatuma mtu wa kuniombea.

Kuhusu ofisi, nimetunga ukurasa wa tisa, wa ndugu aliyebaki nyumbani. Desimali amesema yuko tayari kuyahesabu majibu hata kama hayataingia katika taarifa. Jumatatu nitaupeleka kwa mratibu, na nitamweleza jambo hili linanihusu nini, kwa sababu aliuliza na anastahili kujibiwa. Anaweza kuuchana. Akiuchana, jina langu litolewe kwenye dodoso. Asipouchana, huenda viatu vikakoma kuja, na yule binti aliyeniomba nisiandike akarudi pekupeku kwa sababu yangu, na dada yake asipate kitu vilevile. Nimezoea kujua. Hili silijui.

Ndani ya bahasha utakuta nakala ya ukurasa huo. Juu una swali moja, na chini yake mistari kumi na minne mitupu. Swali linasema: Wewe mwenyewe ulitaka nini? Nimelijaribu kwa maneno mengi, likarudi palepale. Lijibu kama unaweza. Ukitaka kuijaza mistari yote, ijaze. Ukitaka kuandika neno moja, neno moja linatosha. Ukitaka kunitukana, hilo nalo ni jibu na nitalipokea. Andika kwa penseli, kwa mkaa, vyovyote. Sitasahihisha.

Nisalimie wifi, na mkaza mwanao, na watoto wote wa nyumba. Huyo wa thelathini na nane mbusu paji la uso, usimwambie ni kwa nini. Ufunge mkanda wa daktari.

Ni mimi mdogo wako,
uliyekuwa ukimjalidia madaftari.

Sasa umefika mwisho, kaka. Ile shikamoo iko palepale juu, inasubiri, na sasa unamjua anayekuamkia.